Sidiria ya kunyonyeshea isiyo na waya, saizi 34G: uzoefu wangu wa kazini

Hii ni kwa akina mama wenye matiti makubwa ambao dukani huambiwa, "Dada, chukua tu 42D, itakukaa." Haikai. Ninayoivaa mimi ni ya pamba, haina waya, kikombe kinafunika titi lote, mkanda wa chini una upana wa vidole vinne na nyuma una safu nne za vikulabu. Naivaa kutwa nzima kazini, Dar es Salaam, na joto letu hili.

Nianze na saizi: namba ni mkanda wa chini kwa inchi, herufi ni ukubwa wa kikombe. Wauzaji wengi wanapima chini ya matiti halafu wanaongeza inchi 4. Mwenye inchi 34 chini (kama sentimita 86) na inchi 43 penye kilele cha titi anauziwa 38DD. Mkanda unalegea, unapanda mgongoni, matiti yanashuka mbele na uzito wote unaangukia mabegani. Ndiyo ile mistari inayouma ukivua jioni. Usiongeze kitu: mkanda ni 34, na tofauti ya inchi 9 kwa vipimo vya Uingereza ni G. Kwa Marekani tofauti hiyohiyo huandikwa I, kwa hiyo soma lebo kabla ya kulipa. Ukikosa 34G, 36FF ina kikombe cha ujazo uleule, mkanda tu ndio mrefu zaidi. Usivuke hapo.

Pima titi likiwa limejaa, maana kikombe kinachobana wakati wa kujaa ndicho kinacholeta vinundu. Ukinunua mimba ikiwa kubwa, chagua inayokaa vizuri kwenye safu ya nje kabisa. Mbavu zikirudi baada ya kujifungua utakuwa na pa kukazia. Na usinunue tatu kwa mkupuo wiki ya kwanza, wakati matiti yamevimba kwa maziwa. Subiri yatulie, kama wiki sita hivi.

Sasa klipu za kufungulia kikombe, kitu ambacho wenye matiti madogo hawana haja ya kukifikiria. Kuna zinazofunguka kikombe kizima kikaanguka chini, na kuna zenye fremu ya kitambaa inayobaki imezunguka titi. Hii yangu ina fremu, na kwa titi zito ndiyo ninayoipendekeza: kikombe kikifunguka, titi linabaki limebebwa, mtoto hafukuzani na chuchu. Lakini tundu la fremu liwe pana. Likiwa finyu, ukingo wake unaminya titi pembeni, maziwa ya upande ule hayatoki vizuri, na usipolegeza mfereji wa maziwa unaziba: kinundu, wekundu, kisha homa. Nikifungua kikombe napitisha vidole viwili kati ya fremu na titi kuzunguka pande zote. Visipopita kwa urahisi, sidiria hiyo hainifai hata iwe nzuri vipi. Bado nakunja khanga, naiweka chini ya titi wakati wa kunyonyesha, ili mkono mmoja ubaki huru.

Kazini fremu hiyohiyo inashikilia faneli ya pampu ya kukamulia maziwa (kile kikombe kinachokaa juu ya chuchu) kiasi, si kikamilifu. Chupa ikifika nusu inavuta chini, hewa inaingia, pampu inapoteza nguvu. Dawa yake ni sidiria ya mazoezi iliyochakaa, itobolewe penye chuchu matundu madogo kuliko mdomo wa faneli, ivaliwe juu ya hii. Muda wa kukamua usiuombe kama hisani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Maziwa yakishakamuliwa hukaa nje saa 4 ikiwa joto halizidi nyuzi 25, na ofisi isiyo na kiyoyozi Dar inazidi. Weka kwenye kikasha chenye barafu, utafika nayo nyumbani salama.

Kasoro zipo. Pamba ikiloa jasho haikauki haraka, na ngozi ya chini ya titi ikikaa na unyevu inaota vipele au fangasi; ofisini nakausha pale kwa kitambaa safi kila ninapokamua. Vile vibano vya kurekebishia mikanda ya begani vinateleza kwa uzito. Ukishapata urefu wako, fundi cherehani apige mishono michache hapo, basi. Pedi nene za maziwa zinakula nafasi ya kikombe na kukibana, afadhali nyembamba na ubadilishe mara kwa mara. Rangi nyeupe ndani ya blauzi nyeupe inaonekana. Tafuta inayokaribia rangi ya ngozi.

Kufua: maji baridi kwanza, kwa sababu ya moto yanagandisha doa la maziwa. Usitie Jik, inaua mpira. Usikamue kwa kusokota. Anika kivulini, kamba ipite katikati ya vikombe viwili; ukiining'iniza kwa mikanda ya begani, uzito wa maji unaivuta irefuke. Mkanda wa chini ukishafika safu ya ndani kabisa na bado unapanda mgongoni, hiyo ya kulalia sasa. Nunua nyingine.