Projekta Ndogo Badala ya Kioo cha Laptopu: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe

Kioo cha laptopu kinapopasuka na fundi akataja bei ya kipya, wengi huanza kuwaza projekta ndogo: ukiongeza fedha kidogo, unapata picha ya kufanyia kazi mchana na ya kutazamia mpira usiku. Wazo hilo si baya, na mimi mwenyewe nimefanya kazi za hesabu kwa namna hiyo kwa miezi mitano, ila nimejifunza kwamba projekta inayopendeza kwa filamu yaweza kuyaadhibu macho ikija zamu ya maandishi. Kwa hiyo nimezipanga hapa kwa kigezo kimoja tu: kama mtu ataweza kusoma waraka wa herufi za ukubwa wa 11 asubuhi nzima bila kukunja uso.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ipeleke laptopu yako kwenye televisheni yoyote yenye tundu la HDMI, chomeka waya, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P ili picha itoke nje. Televisheni ikionyesha kila kitu, ubovu ni wa kioo peke yake; nayo ikibaki nyeusi, huenda tatizo liko kwenye bodi, na hapo projekta haitakusaidia. Usitegemee tundu la USB-C kabla ya kulijaribu, kwa kuwa katika laptopu nyingi hupitisha chaji na data tu, bila picha. Na ikiwa unakaa kwenye meza ileile kila siku, monita ya mtumba ya inchi 22 au 24 itakufaa kuliko projekta yoyote nitakayoitaja. Projekta ni ya mtu anayehamahama, au anayeishi katika chumba ambacho meza ya kazi ndiyo meza ya chakula.

Sanduku la projekta hukuahidi picha ya inchi 120 au zaidi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Mwanga unaotoka ni uleule. Ukiutandaza ukutani, unafifia. Projekta ya lumeni 200 za ANSI (lumeni hupima wingi wa mwanga unaotoka, nazo ANSI na ISO ni kanuni za kuupimia) ikitoa picha ya inchi 40, yaani upana wa sentimita 89 hivi, ukuta mweupe hukurudishia mwangaza wa takriban niti 140 (niti hupima mng'ao wa picha unaoufikia jicho), wakati laptopu nyingi za kawaida hutoa niti 220 hadi 300. Ipanue picha hiyo hadi inchi 100, nao mwangaza unashuka hadi niti 23 hivi, kiasi kinachotosha filamu gizani lakini si jedwali la mishahara. Tena projekta haina rangi nyeusi yake. Nyeusi yake ni ukuta wenyewe, na pazia likiwa wazi saa sita mchana, herufi nyeusi hugeuka kijivu juu ya kijivu. Fanya kazi kwa inchi 30 hadi 40, funga pazia, na usiamini lumeni zilizoandikwa kwa maelfu pasipo neno ANSI au ISO kando yake.

La pili ni pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Projekta yangu ya kwanza iliandikwa 4K, yaani kiwango cha juu sana cha picha, kwa herufi kubwa, kumbe maana yake ilikuwa kwamba inapokea video ya 4K na kuishusha hadi kiwango chake kidogo. Siku moja nilimwandikia mteja ankara ya 380,000 mahali pa 330,000, kwa sababu 3 na 8 zilionekana ukutani kama pacha. Tafuta maneno yanayotaja kiwango halisi cha picha, na kisipungue 1920 kwa 1080. Ifahamike pia kwamba projekta nyingi ndogo za DLP, yaani zinazotumia vioo vidogo sana vya kuakisi mwanga, zina chipu ya inchi 0.23 yenye vioo hivyo 960 kwa 540, ambavyo picha yake husogezwa mara nne kwa kasi ili kuijaza picha ya 1080p (1920 kwa 1080). Video haionyeshi tofauti, ila herufi ndogo hulainika kingo, na dawa yake ni kuongeza ukubwa wa maandishi kwenye Windows hadi asilimia 150.

Nafasi ya kwanza naipa XGIMI MoGo 2 Pro. Ina 1080p, lumeni 400 za ISO na tundu la HDMI la kawaida, na inatumia umeme kupitia USB-C ya wati 65. Haina betri, lakini benki ya umeme yenye nguvu hiyo huibeba.

Ya pili ni Nebula Capsule 3 Laser, yenye umbo la kopo la soda, lumeni 300 za ANSI na betri ambayo mtengenezaji anaitaja kuwa ya saa mbili na nusu. Mahali ambapo umeme hukatika katikati ya kazi, mtu ana haki ya kuipandisha iwe ya kwanza.

Samsung The Freestyle naiweka ya tatu. Hujilenga yenyewe vizuri na ina uzito wa gramu 830, lakini mwanga wake ni mdogo kuliko wa hizo mbili, betri huuzwa kando, na tundu lake ni HDMI ndogo iitwayo micro HDMI, hivyo waya ulio nao nyumbani hautaingia.

Magcubic HY300 ndiyo ya bei nafuu, na kiwango chake halisi ni 1280 kwa 720. Inafaa katuni za watoto na mahubiri. Kwa maandishi, hapana. Zile za 854 kwa 480 zipite tu.

Ukishanunua, iweke projekta ikiuelekea ukuta moja kwa moja, katika umbali wa mita moja na kidogo, maana kunyoosha picha kwa programu hula pikseli na kuzivuruga herufi. Tumia waya, kwa sababu bila waya kipanya huchelewa kuufuata mkono. Feni itakuwa karibu na sikio lako, kwa hiyo isikilize dukani kabla ya kulipa. Hapohapo dukani fungua jedwali lako mwenyewe, punguza picha hadi inchi 40, kisha soma tarakimu zilizo pembeni, si za katikati, kwa kuwa lenzi hafifu huanza kupoteza ukali pembeni. Ikiwa 3, 6 na 8 zinatofautiana katika pembe zote nne, lipa.