Mifuko ya PICS: dumuzi wanakoma bila dawa

Nalima mahindi Kongwa, Dodoma, na siku hizi siyachanganyi na dawa ya unga. Natumia mifuko ya PICS, ya kuhifadhi nafaka bila hewa kuingia: nailoni mbili nzito ndani, sandarusi nje, gunia la kilo 100. Naisifu kwa moyo wote, ila kwa mahindi yanayosubiri bei, si ya kusaga kila wiki.

Kinachoua wadudu ni kukosa hewa. Ukiufunga mfuko vizuri, fukusi na dumuzi waliomo wanavuta oksijeni iliyobaki hadi inakaribia kuisha, na hewa ukaa inapanda. Wanaacha kula, wanaacha kuzaana. Teknolojia hii ilianzia kwenye kunde za wakulima wa Kameruni, miaka ya 1980, kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Watafiti wake wameeleza jambo lililonishangaza sana: mdudu wa ghalani hana pa kunywa maji, kwa hiyo mwili wake huyatengeneza kutokana na chakula, na kazi hiyo inataka oksijeni. Akiikosa, anakauka. Hata funza aliyejificha ndani ya punje, usiyeweza kumpepeta, yanampata hayo hayo.

Ndiyo maana kufunguafungua mfuko ni kuwarudishia pumzi. Ya kula yaweke pembeni mapema, kwenye kiroba cha kawaida.

Jamani, kausheni mahindi kwanza! Unyevu usizidi asilimia 13. Tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, yarudishe juani. Mfuko huu haukaushi kitu, na unyevu ukifungiwa humo unaleta ukungu. Sisi wa Dodoma na wenzetu wa Manyara sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ilituulia watu mwaka 2016, hilo si la kubahatisha.

Kabla ya kujaza, puliza hewa kwenye kila nailoni, sokota mdomo, ibane usikilize kama inavuja. Ondoa magunzi na vitu vyenye ncha. Shindilia, toa hewa, kisha funga kila nailoni peke yake, sandarusi mwisho. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, maana panya wakiuona mlango hawangoji.

Bei yake inazidi ya kiroba mara kadhaa, lakini nailoni nzima hutumika tena msimu unaofuata. Dumuzi ana meno ya kutoboa nailoni, hivyo kagua kila msimu. Iliyotoboka usiihifadhie tena mahindi.