CEDAW au Itifaki ya Maputo: upi unamfaa mjane wa Mbagala?

Jirani yangu wa Mbagala alivamiwa na mashemeji hata arobaini ya mumewe haijafika. Walibeba cherehani yake, kisha wakadai na funguo za nyumba. Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma mikataba hii miwili kwa hasira.

CEDAW, mkataba wa kukomesha aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1979, na Tanzania ikauridhia 1985. Unapiga marufuku ubaguzi katika ndoa na mali, ila kwa lugha ya jumla. Kifungu cha wajane hauna. Maputo, wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ulipitishwa 2003 na tukauridhia 2007. Huu hauzungushi: kifungu cha 21 kinampa mjane mgawo wa haki katika mali ya mumewe, pamoja na haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Umri wa kuolewa nao unatajwa, miaka 18.

Kwa maneno, basi, nachagua Maputo. Kwa mahali pa kulalamika, CEDAW. Mwaka 2015 Kamati yake iliwapa haki wajane wawili Watanzania walionyimwa urithi kwa mila za Kisukuma. Mahakama ya Afrika, ambako Maputo ungetetewa, iko hapahapa nchini, Arusha, lakini 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kuishtaki huko moja kwa moja. Hilo linaniuma sana.

Kesho tunakwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Nimemchapia kifungu cha 21. Amekikunja pamoja na cheti cha kifo.