Ripoti za kuchuja za Google Analytics 4, nimekaa nazo sasa naongea

Wadau, Google Analytics 4 ni chombo cha Google cha kuonyesha watu wanaotembelea saiti yako, na mi hizi ripoti zake za kujitengenezea na kuchuja mwenyewe nazitumia tangu ile Analytics ya zamani ilipoacha kupokea data mwezi wa 7 mwaka 2023, tukahama kwa shingo upande, kwa hiyo siongei ya kusikia.

Kilichonitia humo ni ukurasa wa mawasiliano kwenye saiti yangu. Kila usiku unatembelewa balaa, mi natamba, fomu yangu inavuma, alafu meseji haiingii hata moja. Siku moja nikajenga ripoti yangu, nikabakiza ukurasa ule tu na wanaotumia kompyuta tu, nikagawa kwa mji na kwa brauza. Mji mmoja. Brauza moja. Kumbe ni mimi, usiku kucha nafungua na kufunga nikihangaika na rangi ya kitufe 😂 Kwenye ripoti ya kawaida nisingejua, maana pale nilikuwa nimechanganywa na watu wote.

Uzuri wake ni kwamba unaburuta unachotaka kuona kwenye jedwali, unaweka vichujio mpaka 10, na majibu yanakuja hapo hapo. Mi napenda wa simu waliotoka kwenye kutafuta, basi. Ila uwe makini na namna ya kulinganisha, niliandika /huduma nikachagua ifanane kabisa, nikapata sifuri, nikadhani saiti imekufa, kumbe anwani yenyewe inaishia na mkwaju, /huduma/, nikabadilisha iwe "ina" badala ya "ifanane" watu wakarudi wote. Na kwenye linki zako za kampeni, pale unapotaja mtu ametokea wapi, usiandike Facebook leo na facebook kesho, inahesabu ni vyanzo viwili.

Kinachochanganya wengi ni hiki. Ukichuja kwa ukurasa unabaki na yaliyotokea kwenye ukurasa huo tu, sasa mi nilitaka kujua waliosoma makala fulani walienda wapi baadae, nachuja naona makala ile ile tu, nikazunguka wiki nzima. Kazi hiyo ni ya segmenti ya sesheni, yaani kundi la ziara unalolichagua kwa sharti lako, ndo inachukua ziara yote ya mtu.

Alafu usichanganye kuchuja ripoti na kuchuja data yenyewe kule kwenye mipangilio. Kwenye ripoti unaficha tu, ukiondoa kichujio vinarudi. Kule mipangilioni, kama unatoa IP yako, yaani namba ya mtandao wako, ili usijihesabu, kilichotolewa hakirudi tena milele, na hakigusi ya nyuma, kwa hiyo weka kwanza hali ya majaribio uangalie. Na ukiwa huko huko badilisha muda wa kutunza data, inakuja ikiwa miezi 2, unaweza kupandisha mpaka 14. Mi nilizembea, nikaja kulinganisha na mwaka uliopita nikakuta jedwali jeupe, na kupandisha hakufufui iliyokwisha kufutwa.

Nyota 4. Ya tano naibania kwa sababu ukichuja mpaka wakabaki watu wachache, hasa ukiingiza umri na jinsia, inaweza kuficha baadhi ya mistari ili mtu asitambulike, sababu naielewa kabisa, ila kwa saiti ndogo kama yangu watu wachache ndo watu wote nilionao.