Wiki moja Diani kwa kiti mwendo na usonji: tathmini ya nyumba tuliyoifikia kutoka Mwanza

Nyumba ninayoitathmini iko Diani, katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Tulikaa humo usiku saba mwezi Juni, familia ya watu watano kutoka Ilemela, Mwanza: mimi, mume wangu ambaye anatumia kiti mwendo tangu alipoumia uti wa mgongo, mama mkwe wangu, na watoto wetu wawili wenye usonji (autism), yaani kijana wa miaka 16 ambaye maneno yake ni machache sana, na binti wa miaka 13 ambaye huzungumza kutwa nzima lakini hawezi kuvumilia jambo ambalo halikutangazwa mapema. Sitaitaja nyumba hiyo kwa jina, kwa sababu mojawapo ya kasoro zake ni ya hatari na mwenye nyumba ameanza kuirekebisha. Nitaieleza hivyo hivyo, pamoja na mema yake, kwa kuwa najua zipo familia kama yetu Nyakato, Igoma na Buhongwa ambazo zimeahirisha safari ya namna hii mwaka baada ya mwaka.

Wapo walioniuliza kwa nini twende kutafuta maji nje ya nchi ilhali tunaishi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kijana wangu anapenda maji kuliko kitu kingine chochote duniani, na ndiyo maana hatumruhusu kuingia ziwani: kichocho kipo, naye hawezi kutueleza mapema kwamba anaumwa tumbo au kwamba amekojoa damu. Isitoshe, sehemu nyingi za mwambao wetu ni mawe makubwa, na baba yake hubaki juu barabarani akitutazama. Tulitaka mahali ambapo wote watano tungekuwa ndani ya maji kwa wakati mmoja.

Tulianza kwa wakala wa safari wa hapa mjini, na hapo tulipoteza fedha. Kila swali nililouliza lilijibiwa kwa maneno mawili: hakuna shida. Je, hoteli inafikika kwa kiti mwendo? Hakuna shida. Je, kuna chumba mbali na ukumbi wa muziki? Hakuna shida, mama. Nilipoomba picha nililetewa picha ya njia mteremko nzuri kwenye mlango wa mapokezi, na wiki mbili baada ya kulipa kianzio ndipo nikafahamu kwamba vyumba vyote vya bei yetu vilikuwa ghorofa ya pili na kwamba lifti haikuwapo. Nilirudishiwa nusu tu ya kianzio. Jambo lililoniumiza zaidi ya fedha ni ushauri niliopewa siku hiyo, kwamba ingekuwa nafuu kumwacha mzee na watoto kwa ndugu, nikapumzike peke yangu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataja katika Kifungu cha 30 haki ya kushiriki katika burudani, mapumziko na utalii. Nilimwambia wakala hivyo, naye akanyamaza.

Msimamizi wa nyumba ya Diani nilimpata mwenyewe kwa simu, na tofauti yake na wakala ilionekana katika mazungumzo ya kwanza. Nilipomwuliza kama nyumba inafikika, alinijibu: “Mama, sijui. Niambie kiti cha mzee kina upana gani, nikapime.” Nilimwambia kwamba kiti kina sentimita 66 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Jioni ile akanitumia video fupi, futi kamba ikiwa imenyooshwa kwenye kila mlango: mlango wa mbele sentimita 84, wa chumba cha kulala 80, wa bafu 64. Sentimita mbili ndizo zilizopungua, na kwa mtu mzima anayehitaji choo usiku, sentimita mbili hizo ni sawa na ukuta. Siku iliyofuata alituma video nyingine, mlango wa bafu ukiwa umeng’olewa kwenye bawaba zake na mahali pake pametundikwa pazia zito, na sasa nafasi ilikuwa sentimita 68. Kwenye baraza palikuwa na kizingiti cha sentimita 15. Nikamweleza kanuni ambayo mafundi wengi hawaijui, kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji angalau sentimita 12 za mteremko, na fundi wake akatengeneza njia ya mbao yenye urefu wa mita 1.8. Tulipofika, mume wangu aliipanda bila kusukumwa.

Kuhusu safari yenyewe nitaeleza kwa ufupi, kwa kuwa kila familia ina njia yake. Tulikwenda kwa gari la kukodi hadi Sirari, tukapitia kituo cha pamoja cha mpakani pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano zikiwa mkononi, tukalala Kisii, kisha tukapumzika Nairobi kwa kaka yangu. Kutoka Nairobi tulipanda treni ya asubuhi ya SGR, reli ya kisasa ya Kenya, ile inayosimama katika vituo vya njiani, na tuliichagua kwa ajili hiyo hiyo: binti yangu aliandika katika daftari lake Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, akavikata kimoja kimoja kwa kalamu nyekundu, na kwa muda wote huo hakuuliza hata mara moja tutafika lini. Katika daraja la kawaida viti vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, abiria wakitazamana. Daraja la kwanza ni viwili kwa viwili, nafasi ni kubwa zaidi, na kwa kijana asiyependa kuguswa na mtu asiyemjua nauli ya ziada ina thamani yake. Nauli hizo zilipandishwa mwanzoni mwa mwaka 2024 hadi shilingi 1,500 za Kenya kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Jambo la kumwandaa mtoto mapema ni ukaguzi wa stesheni ya Nairobi, ambapo abiria hupanga mizigo chini kwa mstari na mbwa huletwa kuinusa. Tulimwonyesha kijana picha za mbwa hao kwa wiki mbili kabla ya kuondoka, na siku yenyewe aliwatazama huku vizuia sauti vikiwa masikioni, akishikilia kona ya kanga ya bibi yake.

Stesheni ya Mombasa iko Miritini, na msimamizi alitutumia dereva aliyepita barabara ya Dongo Kundu, ambayo hutokea upande wa kusini bila kuvuka kivuko cha Likoni. Niliomba iwe hivyo. Anayejua msongamano wa watu kivukoni, na honi, na kukimbilia kushuka, ataelewa kwa nini.

Sasa nifike kwenye bahari, ambayo ndiyo iliyotupeleka. Sisi watu wa ziwani hatuna mazoea ya maji yanayokwenda na kurudi kwa saa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi siku moja kwa kama dakika 50, kwa hiyo kila siku saa ya maji kujaa husogea mbele. Msimamizi alinifundisha pia maneno mawili ambayo kwangu yalikuwa mageni, nami nayaona kuwa ya lazima kwa anayepanga safari kwa kiti mwendo. Bamvua ni siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hupanda sana na kupwa sana, hata ufuko ukabaki mpana wenye madimbwi, mawe na viumbe wenye miiba. Maji mafu ni siku za katikati, ambapo tofauti ni ndogo na bahari hukaa karibu. Tulipanga wiki ambayo maji mafu yangeangukia katikati yake, na nafikiri uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko ukubwa wa nyumba au bei yake.

Mchanga wa Diani ni mweupe na laini, na ulaini huo ndio adui wa kiti mwendo. Kwenye mchanga mkavu magurudumu ya mbele huzama papo hapo. Viti maalumu vya ufukweni vyenye matairi mapana yaliyojazwa upepo vimetengenezwa kwa tatizo hili, lakini nyumba haikuwa na kimoja. Walichokuwa nacho ni vipande viwili vya plaiwudi, ambavyo vijana wawili waliviweka mbele ya kiti kwa zamu, kimoja kikikanyagwa huku kingine kikihamishwa, hadi tukafika kwenye mchanga uliolowa, ambao ni mgumu kama sakafu. Pale kiti kilikwenda chenyewe. Ukingoni mwa maji mume wangu alihamia kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, vijana wakamwingiza hadi maji yakamfika kifuani, na miguu ya kiti ikazama kidogo mchangani, ikatulia. Mawimbi makubwa huvunjikia kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo, kwa hiyo yaliyotufikia yalikuwa madogo. Kijana wangu alikuja akalala chali ubavuni mwa baba yake, masikio ndani ya maji, akivumisha sauti moja ndefu ambayo huitoa anapokuwa ameridhika. Binti alisimama akisoma saa yake isiyoingia maji na kututangazia dakika zilizobaki kabla maji hayajaanza kupwa. Ratiba ya maji kujaa na kupwa, ambayo msimamizi alikuwa ameichapisha na kuibandika jikoni kwa ombi langu, ilimfaa kuliko ratiba yoyote niliyowahi kumtengenezea, kwa sababu bahari haikuchelewa hata siku moja.

Juni ni majira ya kusi, upepo unaovuma kutoka kusini. Faida yake ni kwamba wageni ni wachache, bei iko chini, na wachuuzi wa ufukweni si wengi. Msimamizi alikwisha kuzungumza nao, akawaomba wasimkaribie kijana kwa kelele, nao waliheshimu ombi hilo. Hasara yake ni mwani. Kusi huuleta kwa wingi na kuulundika mchangani, na asubuhi ya kwanza kijana aliukanyaga, akapiga kelele, akarudi mbio ndani, na hakutoka tena hadi alasiri. Siku ya pili tulimvalisha viatu vya mpira na mtunza bustani akatufyekea njia kwa reki. Aliye na mtoto anayechukia kukanyaga vitu vyenye utelezi achukue viatu hivyo kutoka nyumbani, avizoee kabla ya safari.

Chakula hakikuleta taabu, kwa kuwa mpishi alikuwa mwelewa. Kijana anakula vyakula vinne tu, vikiwa katika sahani yake ya bluu, visigusane. Tulibeba sahani hiyo na unga wetu, na mpishi alipika ugali kama alivyoelekezwa na mama mkwe, ambaye mpishi alimwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Samaki wa huko kijana hakumgusa, alizoea sato.

Nije kwenye kasoro. Bafu halikuwa na vyuma vya kushikilia, na mume wangu alioga juu ya kiti cha plastiki huku nikimshika, jambo lisilompendeza mtu mzima. Ijumaa na Jumamosi usiku muziki kutoka baa ya jirani ulisikika hadi saa nane, na hilo msimamizi hakutuambia. Aliponiomba radhi alisema kwamba yeye ameshauzoea hata hausikii tena. Binti yangu alilala bafuni, ambako kuta ni nene, juu ya godoro tulilolivuta. Tumbili walikuja barazani kila alfajiri kutafuta ndizi, na kwa kuwa hawana saa maalumu, walimsumbua kuliko muziki.

Kasoro kubwa, ambayo nilimweleza msimamizi saa ile ile tulipofika, ni bwawa la kuogelea lililo hatua kumi kutoka mlango wa nyuma bila uzio wowote. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na wengi hutoka nyumbani kimyakimya bila kujua hatari. Wangu ni mmoja wao. Kwa usiku wote saba tulilala kwa zamu, mimi na mama mkwe, milango ikiwa imefungwa kwa funguo ambazo nilizivaa shingoni, na kengele ndogo tulizokuja nazo kutoka Mwanza zikiwa zimetundikwa kwenye kila komeo. Sikupumzika kama walivyopumzika wengine. Nililiandika hilo katika daftari la wageni, na nikamwambia mwenye nyumba kwa simu kwamba sitaielekeza familia yoyote kwake hadi uzio uwepo.

Kwa vipimo vya kweli, kwa msimamizi aliyesema hajui kabla ya kujua, na kwa siku tano kati ya saba ambazo mume wangu aliingia baharini, naipa nyumba hii nafasi ya juu kuliko mahali pengine popote tulipowahi kulala tangu aumie. Kwa bwawa lile siwezi kuipa alama kamili. Mwezi uliopita msimamizi alinitumia picha ya nguzo sita za chuma zilizosimikwa kulizunguka bwawa, zege ikiwa bado mbichi, na futi kamba ikiwa imesimamishwa kando ya mojawapo kuonyesha mita 1.2. Lango bado halijawekwa. Nimemwandikia kwamba lijifunge lenyewe na komeo lake liwe la aina ambayo kijana hawezi kuifungua, na siku atakaponitumia picha hiyo nitalipa kianzio cha Juni ijayo.