CWGC: nilivyolipata jina la babu aliyezama mwaka 1944

Kwa mwenye haraka: kama ukoo wenu una mtu aliyeingia KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) au kikosi kingine cha Mwingereza katika Vita vya Pili na hakurudi, fungua tovuti ya CWGC, tume inayotunza makaburi na majina ya waliokufa vitani, kabla hujalipa shilingi moja mahali pengine. Ni bure, na kwetu ilitoa jibu lililosubiriwa miaka 80. Kama mtu wenu alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita vya Kwanza, tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuanza kutafuta.

Mimi ni fundi wa umeme, Mkamba wa Machakos. Ukoo wetu naufuatilia jioni baada ya kazi, huu ni mwaka wa nne. Nilianzia mahali pabaya. Nililipia huduma moja kubwa ya kutengeneza mti wa ukoo, sitaitaja, inayokata dola kwenye kadi kila mwezi. Ilinilazimisha kujaza "jina la familia". Sisi kijadi hatuna jina la familia. Mtoto hubeba jina lake na la baba yake, kwa hiyo mtu, baba yake na babu yake huwa na majina ya mwisho matatu tofauti. Mashine iliona watu watatu wasiohusiana, kisha ikaanza kunipendekezea jamaa wa Jamaika na Ireland. Nililipa miezi mitano. Jina hata moja la Ukambani sikupata.

Baada ya hapo nilihamia FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni kutoka Salt Lake City, ambayo hailipishwi. Kwa ukoo kama wetu faida yake kubwa kwangu imekuwa sauti: unarekodi mzee akizungumza, unaiambatisha na jina la mtu kwenye mti, inakaa hapo. Nawashauri wote muanze na hilo, leo, kabla ya tovuti yoyote ya kutafuta. Bila zile rekodi nisingempata babu. Nitaeleza kwa nini.

Babu mzaa baba alikuwa na kaka mkubwa aliyejiandikisha jeshini. Waingereza walipenda kuchukua askari Ukambani, kwa hiyo karibu kila kijiji chetu kina hadithi ya namna hiyo. Dada yao mdogo bado yuko hai, ana miaka 90 hivi, naye kwetu ni nyanya. Alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi kaka yake alipoondoka. Nyumbani tulijua mambo matatu tu juu ya huyo babu: alikuwa mtu wa mizinga, hakufika vitani, na aliliwa na maji.

Hilo la mizinga kila mtu alilielewa kuwa ni nyuki. Baba yao alikuwa mrinaji, miti ya shambani ilijaa mizinga, na mwana kurithi kazi ya baba ni jambo la kawaida. Mimi mwenyewe niliandika kwenye mti wa ukoo: mfugaji nyuki.

Usiku mmoja nilikuwa nasikiliza rekodi ya nyanya kwa mara ya kumi pengine. Anazungumza Kikamba mwanzo hadi mwisho. Akifika kwa kaka yake anasema neno moja la Kiswahili, "mizinga", halafu anarudi kwenye Kikamba. Nikasimamisha simu. Mzinga wa nyuki kwa Kikamba ni mwatu, na katika rekodi hiyohiyo, akieleza kazi ya baba yake, nyanya anasema mwatu. Kwa nini kwa kaka yake abadilishe lugha? Kwa sababu neno hilo alilisikia kutoka kinywani mwa kaka mwenyewe, alipokuja likizo na Kiswahili cha kambini. Mizinga ile ilikuwa ya kurusha makombora. Babu alikuwa askari wa mizinga.

Hapo ndipo CWGC ilipoingia. Hii ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Iliundwa mwaka 1917 na inatunza kumbukumbu za watu milioni 1.7 waliokufa katika vita viwili vya dunia wakiwa upande wa Mwingereza na himaya yake. Majina yote iliyo nayo yako mtandaoni. Kila mtu ana ukurasa wake: jina, cheo, namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya kufa, na kaburi lake lilipo. Kama hana kaburi, utaonyeshwa ukuta au nguzo ilipochongwa jina lake.

Nilikuwa nimeshalijaribu jina la babu huko mara nyingi, bila mafanikio. Hapa ndipo wengi wetu tunapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Karani wa miaka ya 1940 aliandika alichosikia. Jina kama Nzioka anaweza kuliandika Nzyoka, Ndioka au Zioka. Jina la baba anaweza kulitanguliza, au kuliacha kabisa. Jibu si kubuni tahajia mpya hadi alfajiri. Acha sehemu ya jina tupu, utafute kwa kile usichokitilia shaka: kikosi, tarehe, nchi, mahali pa kumbukumbu.

Nilikuwa na mizinga, maji, na msimu. Nyanya anakumbuka habari ilifika wanawake wakiwa shambani wakipanda, yaani mvua za masika zimeanza. Nikasoma juu ya meli zilizozamishwa, na kila kitu kikaelekea mahali pamoja. Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwezi wa Februari 1944 kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa torpedo. Ilizama ndani ya dakika chache tu. Waliokufa ni 1,297, wakiwemo wanawake 77, wengi wao wauguzi. Ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya meli katika vita vile, na mimi nilimaliza shule Kenya bila kusikia jina lake.

Nikaweka kikosi: East African Artillery. Nikaweka tarehe: 12 Februari 1944. Jina nikaliacha tupu. Ikaja orodha ya mamia ya watu, kurasa kwa kurasa.

Niliisoma kwa usiku tatu, mstari kwa mstari, na sikuweza kuisoma haraka. Majina ya Wakamba, ya Wajaluo, ya Waganda, ya watu wa Tanganyika, wote siku moja. Majina ya pwani hapohapo, kina Juma na Hamisi. Usiku wa tatu nikaona jina lake likiwa limepotoshwa herufi mbili, na pembeni jina la baba yake likiwa sahihi kabisa. Kulikuwa na mwingine mwenye jina linalokaribiana, kwa hiyo sikushangilia mara moja. Nilimpigia nyanya asubuhi nikamuuliza jina la baba yao, nikijifanya nimelisahau. Akalitaja. Nikamuuliza kama baba yao alikuwa na jina jingine. Akasema hapana, na akaniuliza kwa nini nalia.

Kwa hiyo kama huduma ya kutafuta askari wa Vita vya Pili, naipa CWGC nyota tano na ningeongeza kama zingekuwepo. Jiandae tu kwa mambo mawili. Kurasa za askari wetu mara nyingi ni fupi, bila umri, bila majina ya wazazi, bila kijiji. Na Kiingereza ndiyo lugha yake, hivyo kaa na mzee kando yako, umsomee. Bando la kawaida la simu linatosha, ila orodha ndefu ni rahisi zaidi kuisoma kwenye kompyuta.

Ukurasa wa babu ulisema jina lake liko kwenye East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, upande wa Ngong Road. Nimepita barabara ile mara nyingi nikienda kazini kwa watu. Mwezi wa Agosti binamu yangu alitoa gari, tukamchukua nyanya Machakos. Mahali penyewe ni patulivu, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Tukaitafuta safu. Nyanya hasomi, kwa hiyo nilimshika mkono nikaweka kidole chake kwenye herufi ya kwanza, akazipitia zote hadi mwisho. Akasema, "Kumbe aliandikwa." Halafu akakaa chini kwenye nyasi, akatuomba tumwache kidogo.

Alipokuwa tayari kuondoka akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Na yule wa Kariokor?"

Baba yake nyanya alikuwa na kaka. Mwaka 1917 serikali ilifagia vijana wa Kenya kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, jina ambalo kinywani mwetu likawa Kariokor, na Dar es Salaam likawa Kariakoo. Walibeba chakula na risasi kumfuata Jenerali Mjerumani, Lettow-Vorbeck, hadi kusini kabisa mwa Tanganyika na ng'ambo ya Ruvuma. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Huyo naye hakurudi. Nilikuwa nimemtafuta kwa kila njia niliyoieleza hapo juu, na nyingine. Hayupo.

Sitaki yeyote apoteze miezi kama mimi akidhani amekosea tahajia. Baada ya vita vile uamuzi uliofanywa ni kwamba wapagazi wa Kiafrika wasiwekewe majina, wakumbukwe kwa pamoja kwa sanamu. Tume yenyewe ilichapisha ripoti mwaka 2021 ikikiri hilo na kuomba radhi. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Unapoiona hesabu yenye pengo la watu zaidi ya laki mbili kati ya mwanzo na mwisho, unaelewa walivyohesabiwa. Mtafute mpagazi wako ukijua kwamba kutokuwepo kwake hakumaanishi hakufa, wala hakumaanishi wazee wenu wamedanganya.

Kuna kinachobadilika. Januari 2025 tume ilizindua Cape Town ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliofanya kazi za jeshi katika vita hivyo wakafa bila kuandikwa, na kila mmoja ana nguzo yake yenye jina. Majina yale yalitoka kwenye nyaraka zilizolala miaka mia moja. Yetu nayo huenda yamelala mahali.

Nilimweleza nyanya haya yote ndani ya gari, nikitafuta maneno ya Kikamba ya kusema kwamba mtu alifutwa kabla hajaandikwa. Tulikuwa tunapita Kenyatta Avenue, nikamwomba binamu aegeshe karibu na zile sanamu tatu za shaba. Mmoja wao ni mpagazi. Chini pameandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Nikamsomea nyanya: wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

"Huyu hakuacha mwana," nyanya akasema. Kisha akalitaja jina lake, la baba yake, na la kilima walichokuwa wakiishi.

Nikamwomba asubiri nitoe simu. Magari yalikuwa yakipiga kelele, kwa hiyo alinisogelea, akalitaja tena polepole, sauti kwa sauti, ili lishike vizuri.