Vifaa vya bei nafuu kwa nyumba ndogo za wageni: tuanze na kipi?

Watazamaji wapenzi, karibuni. Uchambuzi wa leo nimewaandalia wenye nyumba ndogo za wageni, zile zenye vyumba vitano, kumi au kumi na tano, ambamo mwenye nyumba mara nyingi ndiye mpokeaji wageni, ndiye mhasibu na ndiye anayeitwa bomba linapovuja. Wafanyabiashara wa vifaa wanawaahidi mengi, na karibu kila kifaa kinapendeza kikiwa juu ya meza ya maonyesho. Kwa hiyo sitaanza kwa kuuliza kifaa kinafanya nini kikiwa kizima. Nitauliza: siku kitakapogoma usiku wa manane, mgeni atabaki katika hali gani, na je, mwenye nyumba ataweza kumsaidia bila kumsubiri fundi hadi asubuhi? Kwa kipimo hicho, baadhi ya vitu vinavyosifiwa sana vinashuka, na vingine visivyovutia macho vinapanda.

Tuanze na intaneti, kwa sababu ndiyo malalamiko ya kwanza ya wageni. Picha ya kawaida ni hii: ruta moja imewekwa mapokezi, chumba cha jirani kinapata mawimbi mazuri, na chumba cha mwisho wa ukumbi hakipati kitu. Mwenye nyumba anashauriwa anunue ruta yenye antena nyingi na nguvu zaidi. Ushauri huo haufai, na sababu yake ni nyepesi kuelewa. Mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili. Ruta inazungumza na simu, na simu nayo lazima ijibu. Hata ruta ikipaza sauti kiasi gani, simu ya mgeni ina antena ndogo na nguvu kidogo, na jibu lake halivuki kuta tatu za zege. Ndiyo maana mgeni anaona alama ya mawimbi imejaa kwenye skrini, lakini ukurasa haufunguki.

Suluhisho la pili linalouzwa sana ni ripita, kile kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya ukumbini ili kipokee mawimbi na kuyarusha tena. Ripita za bei ya chini hutumia redio moja kupokea na kurusha, hivyo kasi hupungua kwa takriban nusu, na kwa kuwa kwa kawaida huwekwa mahali ambapo mawimbi yameshadhoofika, kinachorushwa ni udhaifu uleule. Kwa nyumba ya familia inaweza kuvumilika. Kwa nyumba ya wageni, ambamo watu wanane wanataka kutazama video kwa wakati mmoja, siipendekezi.

Ninachopendekeza ni waya. Najua hakuna anayefurahia kutoboa kuta, lakini waya wa mtandao wa daraja la Cat 5e au Cat 6, uliovutwa kutoka mapokezi hadi katikati ya kila ukumbi na kuishia kwenye aksesi pointi ndogo ya darini, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi mahali kilipo, ni matumizi ya fedha ambayo hutayajutia kwa miaka mingi. Waya huo unaweza kufika mita 100, na kwa teknolojia iitwayo PoE hupitisha data na umeme kwa pamoja, kwa hiyo huhitaji soketi darini. Kiwango cha kwanza cha PoE, kilichotoka mwaka 2003, kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila waya, na aksesi pointi nyingi ndogo zinatosheka nazo. Angalizo moja la dukani: zipo nyaya zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Umeme ukipita humo kwa umbali mrefu, volti hushuka na waya hupata joto. Dai shaba tupu, na ukwangue ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, urudishe.

Kwenye mipangilio, mambo ni machache. Bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini imejaa watumiaji, na katika chaneli zake za kawaida ni 1, 6 na 11 tu zinazoweza kutumika sambamba bila kuingiliana. Zipangie aksesi pointi zako zilizo jirani chaneli tofauti kati ya hizo tatu. Bendi ya gigahezi 5 ina kasi zaidi na inafaa kwa aliye karibu. Kama unanunua kipya, chukua chenye Wi-Fi 6, kwa kuwa kizazi hicho kilibuniwa kuhudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo hali halisi ya nyumba ya wageni. Lakini ukipewa Wi-Fi 5 iliyo nzima kwa bei ndogo sana, usiidharau.

Halafu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, mtandao wa wageni utenganishwe na mtandao wa ofisi. Karibu kila kifaa cha leo kinaruhusu kuunda majina mawili ya mtandao, na kina mpangilio wa kuwazuia wageni wasionane wao kwa wao. Ukiacha vyote katika mtandao mmoja, mgeni yeyote mwenye ujuzi kidogo anaweza kuitafuta kompyuta yako yenye nakala za pasipoti, printa yako, na kamera zako. Kumlinda mtu aliyelala kwako ni sehemu ya ukarimu, sawa na kumpa shuka safi.

Sasa kipimo chetu: umeme ukikatika itakuwaje? Ruta ya kawaida hutumia takriban wati 10. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ndogo inayotumika kwenye ving'ora, ina takriban wati-saa 84, na kwa kuwa betri ya risasi huchakaa haraka ikishushwa chini ya nusu, hesabu wati-saa 42. Ruta peke yake itadumu saa nne hivi. Ukiongeza aksesi pointi tatu, mzigo unaweza kufika wati 35, na muda unashuka hadi saa moja na kidogo. Kwa hiyo anayekuuzia UPS ndogo, yaani kisanduku chenye betri ya akiba, huku akikuahidi siku nzima, mwombe akufanyie hesabu hiyo mbele yako. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma zina bei kubwa zaidi mwanzoni, lakini huvumilia kuchajiwa maelfu ya mara, wakati za risasi huhesabiwa kwa mamia. Pale umeme unapokatika kila wiki, lithiamu ndiyo rahisi mwishowe. Na faida ya PoE inaonekana hapa: UPS moja iliyoko mapokezi inaziwasha aksesi pointi zote za nyumba.

Tuje kwenye vitasa vya kielektroniki, ambavyo ndivyo vinavyoulizwa zaidi. Viko vya simu, vya kadi na vya namba. Vya simu pekee nimeviweka kando: mgeni anafika amechoka, simu imezima, programu inataka afungue akaunti kwanza, na mlango wake umebaki umefungwa. Kifaa kinachomtaka mgeni awe na chaji ili aingie chumbani alichokilipia hakijamfikiria mgeni.

Vya kadi ni vizuri, ila uliza ni kadi ya aina gani. Kadi za Mifare Classic zilitoka mwaka 1994, na usimbaji wake, yaani ufichaji wa taarifa zilizomo, ulivunjwa hadharani na watafiti mwaka 2008, lakini mpaka leo bado zinauzwa ndani ya seti mpya kwa sababu ni rahisi. Mtu anaweza kuinakili kadi kama hiyo kwa kifaa kidogo. Na wala msidhani hili ni tatizo la nyumba ndogo peke yake: Machi 2024 watafiti walitangaza udhaifu katika vitasa vya Saflok vilivyofungwa kwenye milango zaidi ya milioni tatu duniani, vingi vikiwa vya mahoteli. Kama lazima uwe na kadi, dai zinazotumia usimbaji wa kisasa, mfano Mifare DESFire, na umuulize muuzaji jinsi programu ya kitasa inavyosasishwa. Asipokuwa na jibu, ondoka.

Chaguo langu kwa nyumba ndogo ni kitasa cha namba chenye sifa nne. Kwanza, kiwe na tundu la ufunguo wa kawaida, hata kama limefichwa chini ya kifuniko. Pili, kiwe na ncha mbili za chuma upande wa nje ambapo unagusisha betri ya volti 9, ili betri za ndani zikifa kitasa kipate umeme wa kufungua. Tatu, kiweze kupokea namba za muda bila kutegemea intaneti. Zipo aina ambazo namba ya siku tatu hutengenezwa kwa hesabu inayotegemea saa ya ndani ya kitasa, hivyo unamtumia mgeni namba yake hata mtandao wa jengo ukiwa umekufa. Hakikisha tu saa hiyo inawekwa sawa kila unapobadilisha betri. Nne, na hili halina mjadala, mtu aliye ndani aweze kufungua kwa kushusha mkono wa kitasa mara moja tu, bila namba, bila kadi na bila umeme. Moto haumsubiri mtu atafute kadi gizani.

Vitasa hivi kwa kawaida hutumia betri nne za AA. Weka za alkalini. Zile za kuchajiwa za nikeli huanzia volti 1.2 badala ya 1.5 na hushuka ghafla mwishoni, kwa hiyo onyo la betri hutokea mapema mno au lisitokee kabisa.

Kuhusu umeme wa vyumbani, balbu za LED mnazifahamu: yenye wati 9 hutoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60. Kwa vyumba vya kulala chagua mwanga wa joto, kelvini 2700 hadi 3000. Lakini bili kubwa inatokana na maji moto. Hita ya tangi ya wati 3,000 ikiwaka bila sababu inakula kwa saa moja kiasi ambacho balbu hiyo ingekula kwa zaidi ya saa 300. Kipima-muda kwenye hita ndicho kifaa kinachorudisha fedha upesi kuliko vyote nilivyovitaja, mradi kifungwe na fundi umeme na kiwe na uwezo wa kubeba mzigo wenyewe. Wati 3,000 kwenye volti 230 ni ampea 13. Plagi janja ya ampea 10 inaweza kuyeyuka. Na usijaribu kuokoa fedha kwa kuyahifadhi maji yakiwa vuguvugu. Tangi lifike nyuzi 60, kwa kuwa maji ya uvuguvugu yanakuza bakteria wa lejionela wanaoshambulia mapafu.

Swichi ya kadi mlangoni, ile inayokata umeme mgeni akitoka, inafaa pale penye viyoyozi. Jokofu na soketi moja ya kuchajia viachwe nje ya swichi hiyo.

Kipo kifaa kidogo ambacho wauzaji hawakitaji, nami ningetamani kila mwenye nyumba ya wageni anayenisikiliza akinunue kabla ya runinga mpya. Ni king'ora cha kaboni monoksidi. Penye hita ya maji ya gesi, jiko la mkaa au jenereta karibu na madirisha, hewa hiyo inaweza kujaa chumbani, na haina harufu, haina rangi, na humlaza mtu usingizi asioamka. King'ora chenye betri hakihitaji waya wala fundi. Tafuta alama ya kiwango cha EN 50291, na kwa king'ora cha moshi EN 14604, kisha soma nyuma tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu kitambuzi huchoka baada ya miaka kadhaa hata kama taa yake bado inawaka. Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi.

Runinga janja sina mengi ya kusema juu yake: iliyopo ikiwa na tundu la HDMI, kijiti cha kutiririsha video kinatosha, na mhudumu afute akaunti za mgeni aliyeondoka kabla ya mwingine kuingia. Kamera ziwe kwenye lango, maegesho na mapokezi, pamoja na tangazo linaloonekana; ndani ya chumba cha mgeni kamera haina nafasi kabisa.

La mwisho ni programu za kuweka nafasi. Nyingi za bure huunganisha kalenda zako za Airbnb na Booking.com kwa mfumo wa iCal, ambao hausukumi taarifa papo hapo. Kila upande huja kusoma kalenda ya mwenzake kwa vipindi, wakati mwingine baada ya saa kadhaa. Katika pengo hilo chumba kimoja huuzwa mara mbili. Kama una vyumba vitatu na wageni wanaoweka nafasi wiki moja kabla, iCal inatosha. Kama wengi huweka nafasi siku ileile ya kufika, lipia programu inayounganishwa moja kwa moja na tovuti hizo. Kabla ya kulipia, jaribu kuipakua orodha yako yote ya wageni na nafasi zao katika faili ya kawaida, uichapishe na uiweke mapokezi. Programu isiyokuruhusu kufanya hivyo usiilipie mwaka mzima.